Umefika, Lakini Ng'ambo

Mlimani kwetu pande za dunia ni mbili, juu na chini. Juu ni msituni, chini ni kwenye lami. Mashariki na magharibi tulizisoma darasani, tukazifanyia mtihani, tukaziacha hukohuko. Ukimwuliza mzee wa Kibosho kanisa liko wapi, atakujibu "hapo juu tu", na hiyo "tu" itakula saa yako nzima na kisigino cha kiatu.

Hana kosa. Kilimanjaro yenyewe ndiyo iliyopanga hivyo. Kuanzia ukingo wa msitu imeteremka migongo, kama vidole vya mkono uliowekwa mezani, na kila mgongo una barabara yake, vihamba vyake vya migomba na kahawa, kanisa lake na kilabu chake cha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Kati ya mgongo na mgongo kuna korongo, na ndani ya korongo kuna mto. Mwenda kwa miguu analivuka: anafuata kijia kando ya mfongo, ule mfereji wetu wa maji, anashuka akishikilia migomba, anakanyaga mawe, anapanda. Mwenye gari halivuki. Mwenye gari anateremka mpaka lami ya Arusha na Himo, anasogea kidogo, halafu anapanda mgongo wa pili. Madaraja ya huko juu yapo, hapa na pale, ila mara nyingi hayapo pale unapoyahitaji wewe. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kusalimiana kwa sauti kila mmoja akiwa kwenye migomba yake, lakini mmoja akitaka kumpelekea mwenzake kreti ya soda kwa gari, asubuhi yote imekwisha.

Mtoto wa kaka yangu alizaliwa Marangu, lakini amekaa Ujerumani muda wa kutosha kuyasahau hayo. Kila Desemba, Wachaga wanapofunga safari kurudi nyumbani na barabara ya kutoka Dar es Salaam kugeuka foleni moja ndefu ya mabasi na magari yenye mabati, masufuria na mashuka ya bibi, naye hupanda ndege akaja. Krismasi moja alikuja na mchezo.

Mchezo unaitwa jiokashingi. Mtu anaficha kisanduku mahali fulani duniani, anatangaza mtandaoni majira-nukta yake, yaani latitudo na longitudo, halafu mtu mwingine asiyemfahamu anakwenda kukitafuta. Akikipata anaandika jina lake kwenye kidaftari kilichomo, anakirudisha palepale, anaondoka.

"Halafu?" nikamwuliza.

"Basi, Shangazi."

"Ndani hamna hela?"

"Hamna."

"Na mafuta ya gari anaweka nani?"

Akanitazama kwa upendo. Nikajua ni mimi.

Asili yake, alinieleza, ni ya kijeshi. Setilaiti za GPS, zinazozunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu ya vichwa vyetu, ni mali ya serikali ya Marekani, na kwa miaka mingi wenye mali waliivuruga makusudi ile ishara ya raia, hata chombo chako kikaweza kukosea kwa mita 100. Mwanzoni mwa Mei 2000 Rais Bill Clinton akaamuru uvurugaji huo uzimwe. Tarehe 3 mwezi huohuo, bwana mmoja wa Oregon, Dave Ulmer, akaenda porini akafukia ndoo nusu, ndani yake akaweka daftari, penseli na vikorokoro kadhaa, ukiwemo mkebe wa maharage, akatangaza majira-nukta. Yaani binadamu amepewa uwezo wa kujua mahali alipo kwa usahihi wa hatua chache, na jambo la kwanza aliloona linafaa ni kwenda kuficha maharage.

Kanuni mbili za mchezo huu ni muhimu kwa habari hii. Ya kwanza, usionekane. Wasiocheza wanaitwa Muggle, jina lililochukuliwa kwenye hadithi za Harry Potter, na Muggle hatakiwi kukuona ukikitoa kisanduku. Ningependa nionyeshwe mtu aliyewahi kuinama kwenye kihamba cha mwenzake Uru asionekane. Ya pili ni ya kistaarabu zaidi: kwa kuwa kisanduku hakikai barabarani, mfichaji mara nyingi huandika pia majira-nukta ya mahali pa kuegesha gari, ili wageni wasiache magari yao kwenye mashamba ya watu. Hilo la mashamba ya watu tulishike.

Gari lilikuwa langu. Ni Noah, na kwa vile ilitumika Japani kabla ya kuja huku, imekuja na mama wa Kijapani ndani ya dashibodi. Ukiwasha tu, anasema maneno yake kwa adabu, sauti laini, kisha ananyamaza. Mama mkwe wangu anaamini ni sala ya safari na huitikia "amina". Jirani mmoja aliyewahi kusoma Japani ndiye aliyenitafsiria: mama anasema kadi ya kulipia barabara za kasi haijachomekwa. Anaidai tangu gari liliposhuka melini Dar es Salaam, na nadhani ataidai mpaka siku Noah itakapouzwa vipande vipande pale kwa mafundi. Ramani yake nayo ni ya Japani peke yake. Ukiifungua, kishale cha gari kimesimama kwenye weupe mtupu, hakuna barabara, hakuna mji, hata Kiboriloni hakuna.

Kijana akabandika kwenye kioo cha mbele chombo chake alichokuja nacho, na hicho kikaongea Kijerumani, kwa sauti ya mwanamke. Tukawa wanawake watatu ndani ya gari, na mmoja tu ndiye aliyewahi kufika Moshi.

Kazi ilianza usiku uliotangulia safari ya kukitafuta kisanduku, mezani, baada ya chakula. Majira-nukta ya maegesho yalikuwa ya Uru: Kusini digrii 3, dakika 17.25, Mashariki digrii 37, dakika 22.5. Kijana akayaingiza, chombo kikafikiri, kikachora mstari mzuri wa buluu. Mstari ukatoka Moshi, ukavuka mpaka, ukaingia Kenya, na haukuonyesha dalili ya kuchoka. Kumbe chombo kilizoea watu wa Ulaya, ambao digrii zao zote ni za Kaskazini. Ukizichukua digrii tatu na ushee za kwetu ukazielekeza upande wa pili wa ikweta, unafikia jangwa la Chalbi, kaunti ya Marsabit, zaidi ya kilomita 700 kutoka mezani petu kwa mstari ulionyooka. Nafasi ya kuegesha huko ni tele, hilo silibishi.

Akabadilisha iwe Kusini. Safari hii mstari ukawa mfupi, wa kutia moyo, ila ukaelekea Machame. Hapo tatizo likawa la hesabu. Wenye mchezo huandika digrii na dakika. Chombo kilikuwa kinataka digrii na desimali, na kijana alikuwa amekiandikia 3.1725. Digrii moja ina dakika 60, jambo ambalo mwalimu wetu wa darasa la saba alilikazia kwa mdomo na kwa fimbo, na dakika 17.25 ukizigawa kwa 60 unapata 0.2875. Tofauti hiyo kwenye karatasi ni ndogo. Mlimani ni kilomita zipatazo 21, na inakuacha msituni, jirani na lango wanaloanzia wapanda mlima.

"Pale Machame pana maegesho, Shangazi," akasema, kwa sauti ya mtu aliye tayari kuridhika.

"Pana maegesho, na pana watu wa kukutoza kiingilio cha hifadhi. Gawanya kwa sitini."

Akagawanya. Mstari ukarudi nyumbani. Tukalala.

Asubuhi mama wa Kijapani akadai kadi yake, tukaondoka. Mtu wa Moshi akienda Uru anapandia upande wa Rau. Mjerumani wa kwenye kioo akatutaka tuelekee Kiboriloni.

"Kiboriloni ni Old Moshi," nikasema.

"Shangazi, hiki kinaona kutoka juu."

Neno hilo lilinishinda nguvu, maana huku mwenye juu huwa ana heshima yake. Tukapita soko la Kiboriloni, tukaanza kupanda. Barabara ilikuwa imenyeshewa, Noah ikawa inakwenda kwa ubavu, kijana akawa anasoma: kilomita 4, kilomita 2, mita 900. Namba zilipungua kwa utii mkubwa. Na hapo ndipo ujanja wa chombo ulipo. Hakitafuti barabara inayokwenda mahali. Kinatafuta barabara iliyo karibu na mahali. Kile kinukta chetu kilikuwa ndani kabisa ya vihamba vya Uru, pembeni mwa korongo, mbali na barabara ya Uru yenyewe. Barabara iliyokuwa karibu nacho kwa mita, ukipiga rula kwenye karatasi, ilikuwa ya mgongo wa jirani. Kwa hiyo tulipofika mahali ambapo kulia kuna duka la vocha na kushoto ardhi imekatika, yule mama wa Kijerumani akatangaza jambo kwa furaha.

"Anasemaje?"

"Anasema tumefika."

Tukashuka. Mbele yetu kulikuwa na migomba, chini ya migomba hewa, na chini ya hewa sauti ya mto. Kijana akatoa chombo kingine kidogo cha mkononi, akakielekeza ng'ambo, akasema kwa unyonge: mita 180.

Ng'ambo ile, mita 180, mama mmoja alikuwa anaanika nguo. Akatupungia mkono.

Sasa, huwezi kusimamisha gari Old Moshi, ukashuka na kijana mwenye miwani ya jua na kimashine kinacholia, ukatazama korongoni, watu wakaendelea na shughuli zao. Wazee watatu waliokuwa kwenye benchi la duka wakaja. Tukasalimiana kwa utaratibu, shikamoo zikatolewa, marahaba zikapokelewa, watoto nao wakawa wameshafika wa kutosha kuanzisha shule.

"Kijana ametoka wapi?"

"Anakaa Ujerumani, baba," nikasema, na papo hapo nikaona macho yao yanabadilika.

Ieleweke tulikuwa wapi. Moshi ya kwanza ilikuwa huku juu. Huku ndiko Wajerumani walikojenga boma lao, kabla ya reli ya kutoka Tanga kufika huko bondeni mwaka 1911 na mji kuifuata. Mwaka 1916 Waingereza wakaja, Wajerumani wakakimbia, na tangu hapo Tanzania nzima, kutoka Tanga hadi Songea, kuna watu wenye hakika kwamba waliokimbia hawakubeba kila kitu. Kuna mali ilifukiwa. Kuna rupia za fedha kwenye masanduku. Na siku moja watakuja wajukuu zao, au watu waliotumwa nao, wakiwa na ramani.

"Ana mashine ya nini?"

"Inaelekeza mahali," kijana akajibu mwenyewe. Amelelewa vizuri, hasemi uongo, na siku ile nilitamani tungemlea vibaya kidogo.

"Anatafuta nini?"

"Kisanduku, babu."

"Kimefukiwa?"

"Kimefichwa tu."

"Na nani?"

"Simjui."

Kimya. Mzee wa katikati akasogea. "Ndani mna nini?"

"Daftari."

Wakatazamana. Aliyekuwa amebaki nyuma akatikisa kichwa polepole, akawaambia wenzake kwamba daftari ndilo lenyewe. Ukipata daftari umepata orodha ya yote yaliyobaki. Mtoto mmoja akatumwa akamwite mwenyekiti wa kitongoji.

Kijana akaona aokoe hali kwa elimu. Akaeleza setilaiti. Akaeleza kwamba ni teknolojia ya kawaida, wanasayansi wanaitumia, hata mlima huu wamewahi kuupima nayo: vipimo vya 1952 vilitoa mita 5,895, na mwaka 1999 walipopanda na vipokezi vya GPS wakapata 5,892.

"Wametupunguzia mita tatu?" mzee akauliza.

"Ndiyo, babu. Kwa usahihi zaidi."

"Kikao kilikaa wapi?"

Nilimwelewa mzee yule. Mlima huu una historia ndefu ya kusahihishwa na watu walio mbali. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetokea Rabai karibu na Mombasa na msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, aliiona Kibo kwa macho yake ikiwa nyeupe kileleni. Alipouliza cheupe kile ni nini, alijibiwa "baridi", na mpaka leo sijaona maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo. Akaandika kwamba ni theluji. London alikuwapo bwana William Desborough Cooley, bingwa wa ramani za Afrika asiyewahi kuikanyaga Afrika hata siku moja, naye akatangaza kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani, mmisionari ameona mazigazi. Akalishikilia hilo kwa miaka, amekaa kitini, ana ramani zake mbele. Ukimpa sauti ya kike na umeme wa gari, unaweza kumbandika kwenye kioo.

Kilichotuokoa ni bodaboda. Alikuwa ameegemea pikipiki yake muda wote, anatafuna muwa, na alipoona mambo yanaelekea kwenye mgawanyo wa hazina akauliza swali la kitaalamu: "Mnataka kwenda pale kwa yule mama anayeanika nguo?" Tukasema ndiyo. "Pale ni Uru. Mshuke Kiboriloni, mrudi mjini, mpandie Rau. Nipeni elfu tano niwatangulie." Wazee tukawaachia ahadi kwamba kikipatikana chochote chenye mhuri wa Kaiser, fungu la Old Moshi litaletwa. Nadhani mpaka sasa wanatuhesabu wadaiwa.

Njia nzima ya kushuka, mama wa Kijerumani alikuwa anatuomba tugeuze gari. Alianza kwa upole. Kufika Kiboriloni nilimsikia kabisa amekasirika, ingawa kijana alisema sauti imerekodiwa na haina hasira. Mimi nimekaa na wanawake, najua.

Bodaboda aliruka mashimo kwa tuta la pembeni, akapunguza mwendo penye watoto, akatusubiri kila njiapanda, akanyoosha mkono kushoto, akaingia kati ya nyuzio mbili za masale ambapo kioo cha pembeni cha Noah kilipita kwa kuvuta pumzi. Ghafla yule mama wa kwenye kioo akapatana na barabara, akahesabu mita zake za mwisho kana kwamba ni yeye aliyetuleta, akatangaza tena kwamba tumefika. Na kweli tulikuwa tumefika. Nilikanyaga breki. Gurudumu la mbele likasimama upana wa kiganja kutoka kwenye turubai lililoanikwa maharage.

Majira-nukta ya maegesho yalikuwa uwanja wa nyumba ya mtu.

Aliyeyaandika, nadhani, aliona kwenye picha ya setilaiti mahali peupe pasipo na migomba, akasema hapa gari litakaa. Hakujua kwamba mlimani kwetu ardhi isiyo na mgomba wala kahawa ina kazi yake nyingine, na kazi hiyo ni kuanika vitu na kupokea watu. Hakuna aliyeegesha kwenye uwanja wa mtu akaondoka na funguo zake tu. Unaegesha, unasalimia, unasema wewe ni wa nani, unakaa. Gari likiwa safi na ni Desemba, unakuwa umesema mengine bila kufungua mdomo.

Bibi alitoka ndani anajifuta mikono kwenye kanga. Akamtazama kijana kutoka viatu hadi miwani. Akanitazama mimi, nimevaa gauni la Jumapili kwa sababu nilijua tutapigwa picha.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, binti yangu. Karibuni. Mbona hamkuleta taarifa? Baba yake yuko Arusha."

"Baba yake nani, mama?"

Hakujibu. Alikuwa ameshageuka, anampa mjukuu maagizo kwa Kichaga cha Uru, ambacho mtu wa Marangu anakielewa kwa kubahatisha, lakini neno mbege halina ugumu kwa yeyote. Viti vikaletwa, kitambaa kikatandikwa juu ya meza, maharage yakakunjwa na turubai lake kutupisha sisi. Kibuyu kikafika. Nikaonja kwanza kama inavyompasa mkubwa, nikasifia ulezi, nikampa kijana. Huyo maskini akaninong'oneza kwamba kisanduku kiko mita 40 nyuma ya banda la ng'ombe.

"Tulia," nikamwambia. "Nadhani tunaoa."

Bibi akakaa. Akauliza sisi ni watu wa wapi, nikasema Marangu. Akasema Marangu ni mbali, ina maana huko wasichana wamekwisha? Akauliza kijana anafanya kazi gani. Nikasema ni mhandisi, yuko Ujerumani. Akanyamaza kwa heshima ya kazi hiyo. Akasema mjukuu wake ni mwalimu, yuko Dodoma, anafika tarehe 23, anajua kupika mtori, hana maneno mengi. Kijana, ambaye alikuwa ameshuka kwenye gari ili kutafuta chombo cha plastiki, akawa mwekundu mpaka masikioni, na bibi akalipokea hilo kwa kuridhika, maana aibu kwa mwanaume ni dalili ya malezi.

Nilieleza. Nilieleza kwa uangalifu na kwa muda mrefu, na kila nilipofika kwenye setilaiti bibi alinijazia kibuyu. Mwisho nikaacha setilaiti, nikasema: mama, kuna mtu aliweka kikopo kwenye kihamba chako, huyu mtoto anakitafuta.

"Cha kijani? Chenye mfuniko unaobana?"

Kijana akasimama.

"Nilikikuta kwenye masale, pale mpakani na jirani," bibi akasema, akipunguza sauti na kuelekeza kidevu ng'ambo ya uzio. "Nikasema huyu sasa ameanza kuweka alama zake. Leo kikopo, kesho nguzo, keshokutwa amechukua migomba miwili. Nikakitoa usiku."

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kesi ya mpaka mlimani atakubali kwamba bibi alikuwa na busara. Masale ndiyo hati ya ardhi ya watu wetu, na kitu kinachochomoza kwenye shina la sale bila maelezo hakiwezi kuwa mchezo. Mjukuu akatumwa ndani, akarudi nacho. Ni kweli, kisanduku cha mchezo, hata kibandiko kilikuwa bado. Ndani mlikuwa na ugoro wa bibi, umefungwa kwenye nailoni, ufunguo wa kabati, peni, na kile kidaftari.

Kijana alikifungua kwa mikono miwili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina mawili ya kigeni na tarehe, maandishi ya kalamu nyembamba. Kuanzia wa pili, bibi alikuwa amepaona pazuri na akaendeleza. Mama fulani, lita moja, hajalipa. Mwalimu, lita mbili, amelipa nusu. Katekista, lita moja, hajalipa, na pembeni alama ya mshangao. Kurasa na kurasa za maziwa ya mgongo mzima.

"Shangazi, hapa naruhusiwa kusaini?"

"Ni daftari lile lile?"

"Ni lile lile."

"Basi saini, twende. Giza likiingia yule mama yako atatutuma Chalbi."

Akaandika jina lake kwa mwandiko mzuri, na tarehe, chini ya katekista. Akapiga picha. Bibi akanyoosha mkono, akalichukua daftari, akavaa miwani iliyofungwa uzi, akasoma mstari wa mwisho kwa makini.

"Lita ngapi?" akauliza.

Kijana akanitazama. Nikamwambia aseme mbili. Mjukuu akaleta maziwa kwenye chupa za soda, kijana akalipa, akaongeza na ya mbege kwa siri chini ya kitambaa. Bibi akahesabu, akamshukuru, "aika, mwanangu", akachukua peni kutoka kwenye kisanduku, na palepale, mbele ya macho yetu, akalikata jina la kijana kwa mistari miwili iliyonyooka na kuandika pembeni: amemaliza.

"Shangazi," akaninong'oneza, "amenifuta."